Mluzi wa Bondeni

Vedad hakuwa mtoto wa kukaidi, na hilo ndilo lililomnyima mama yake usingizi. Angekuwa mtundu, mwenye kichwa kigumu kama binamu zake wa Sydney, Senada angelia kama wanavyolia mama wengine, akamwachia Mungu. Lakini Vedad ukimwambia nisubiri hapa, utamkuta hapahapa, hata kama mvua imemlowesha chapachapa. Sasa ilikuwaje siku ile, siku pekee ambayo kusimama ndiko kungemwokoa, akaondoka?

Swali hilo lilikuwa limehamia nyumbani kwao Noble Park, Australia, na halikuwa na nia ya kuhama. Mirsad, mumewe Senada, fundi wa vigae aliyekauka mikono kwa saruji, hakuwahi kulitamka. Senada naye hakulitamka mbele za watu. Alilitamka kwenye msala, kila alipoinua mikono baada ya swala, na badala ya dua zikawa zinamtoka lawama. Kwa nini hukusimama, mwanangu? Mimi nilikwambia nini? Mama anayemgombeza marehemu wake, huyo hana mahali pa kuupumzisha moyo.

Zamani nyumba hiyo ilikuwa na kelele. Senada aliwafundisha watoto wake mwenyewe, meza ya jikoni ndiyo ilikuwa darasa, na watu walisema mpaka wakachoka. Wabosnia wenzake msikitini walimuuliza kama anafuga watoto au anafuga kuku. Yeye alicheka tu. Jumatano ilikuwa siku ya msitu: gari mlimani, chini ya mikaratusi mirefu na makangaga yaliyompita mtu kimo, na masomo yakafanyika hukohuko. Hesabu ziko kwenye pete za magogo, sayansi iko kwenye uyoga, kibla inatafutwa kwa kivuli cha kijiti. Mchana ukifika, Vedad aliweka mikono masikioni akapiga adhana, wakasali Adhuhuri kwenye majani yenye unyevu. Jioni Mirsad aliwapokea mlangoni na swali lake la kila wiki: "Leo mmejifunza nini?" Ole wake atakayejibu "mengi".

Msituni palikuwa na kanuni, na kanuni ilikuwa fupi. Ukipotea, simama palepale. Piga adhana, kwa sababu sauti inayovutwa hufika mbali kuliko ukelele, na katika msitu ule hakuna mwingine atakayepiga adhana, kwa hiyo atakayeisikia atajua ni mtu wetu, na ataacha alichoshika aje. Halafu ngoja mluzi wa mama. Usinyanyue mguu mpaka uusikie mluzi wa mama. Ukiusikia, ufuate.

Mluzi wenyewe ulitoka mbali. Baba yake Senada alichunga kondoo kwenye milima ya Bosnia kabla ya vita, na aliwaita kwa vidole viwili mdomoni: mirefu miwili, kisha wa tatu unaopanda mwishoni kama anayeuliza. Mzee aliacha kondoo, akaacha nyumba, mluzi akaja nao Australia. Senada aliurithi, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeupiga vile.

Karibu na meza walizozoea kulia chakula aliishi ndege mmoja wa ajabu, mwenye mkia mrefu anaoubinua ukamfunika kichwa, na kazi yake ilikuwa kuiga. Watoto walimwita Dedo, yaani babu, kwa jinsi alivyochakura ardhi kwa bidii kama babu yao kwenye bustani ya vitunguu. Dedo aliiga kasuku weupe, akaiga ndege wanaocheka, akaiga mpaka king'ora cha gari lililoachwa kwenye maegesho. Basi majira ya baridi moja Senada akatunga somo. Je, Dedo anaweza kujifunza mluzi wetu? Fikra ilikuwa yake mwenyewe na aliiona nzuri. Kila Jumatano alikaa na watoto kwenye gogo, akampigia ndege mluzi, wakangoja kimya. Dedo aliwapa kisogo, akaendelea kuchakura.

"Mama, mwanafunzi wako amefeli," Vedad alisema siku ya mwisho.

"Hajafeli. Hajataka tu."

"Mimi nikisema hivyo kwenye hesabu za sehemu, nanyimwa chakula."

"Unyimwe chakula wewe! Ile bureki nzima imeliwa na nani, Dedo?"

Ajla, mdogo wake Vedad, alicheka mpaka akaanguka toka kwenye gogo. Somo likaishia hapo. Hakuna aliyelikumbuka tena.

Majira ya baridi yaliyofuata, Jumatano moja, Vedad alibaki nyuma akiangalia uyoga wa rangi ya buluu, na ukungu ukashuka kama mtu aliyefunga pazia. Senada hakuogopa. Alimshika Ajla mkono, akasimama, na punde adhana ikasikika, safi, kutoka upande wa juu. "Unamsikia kaka yako?" alisema, na wallahi alikuwa anatabasamu. "Amekumbuka." Akatia vidole mdomoni akapiga mluzi. Mlima ukamrudishia mluzi wake kutoka bondeni, akapiga tena, mlima ukarudisha tena. Adhana ikakatika katikati, palepale kwenye kuitia swala. Kumbe amenisikia, Senada akajiambia, sasa anakuja. Wakangoja. Wakangoja mpaka Ajla akaanza kutetemeka.

Alipopanda mwenyewe mpaka juu alikuta mkoba wa Vedad kwenye gogo, umefungwa vizuri, na mwenyewe hayupo. Kesho yake watu wa uokoaji walimtoa kwenye mawe ya korongo, chini kabisa, kule ambako hakuna njia.

Waokoaji walisema baridi huvuruga akili. Imamu alisema siku ya mtu ikifika haisogei. Wote walikuwa wema. Lakini Senada alikuwa ameisikia ile sauti kwa masikio yake, na haikuwa sauti ya mtu aliyevurugikiwa. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyesimama na anajua anachongoja. Kisha huyohuyo akageuka akashuka korongoni. Hapo ndipo akili yake ilipofika ikagota, na hapo ndipo hasira yake ilipoanzia.

Tangu hapo Jumatano ikafungwa. Ajla alijifunza miti kwenye vitabu, mapazia yakiwa yamefungwa nusu, na mama yake akawa mwalimu wa kusoma kwa sauti bila kusikia anachosoma. Mtoto wa miaka tisa akajifunza kutembea ndani ya nyumba bila kupiga kishindo.

Jioni moja Ajla alichora jani la mkaratusi, akamsogezea baba yake.

"Babo, hili linanukaje?"

Mirsad alilitazama jani. "Muulize mama yako."

"Nimemuuliza. Anasema amesahau."

Mirsad aliweka kijiko chini. Alingoja mtoto aondoke na penseli zake. "Senada, mmoja tumemzika," alisema. "Huyu unamzika mzimamzima."

"Kwa hiyo unanilaumu."

"Nimesema nakulaumu?"

"Hujasema kitu, Mirsad! Tangu tumemzika hujasema kitu. Bora ungenitukana nikajua moja."

"Nikutukane nipate nini?" Akasimama, akaosha sahani yake, akaiosha mara ya pili. "Mtoe mtoto nje. Ama sivyo muhula ujao anaenda shule kama watoto wa watu. Hilo ndilo langu, mengine sina."

Basi Jumatano wakaenda. Senada aliapa wataishia mezani, kwenye maegesho, hatua moja zaidi hapana. Alifunga bureki, andazi la kwao la jibini, kwenye kitambaa, akachukua msala, na njia nzima akashika usukani kama unataka kumkimbia. Ajla alishusha kioo akatoa pua nje. Walipofika, msitu ulikuwa vilevile, na hilo ndilo lililomuuma. Yale yale makangaga, kijito kilekile kikivuma chini bila kuonekana. Angalau ungekuwa umebadilika kidogo, kwa adabu.

Ajla aliokota jani, akalivunja, akanusa. "Linanuka dawa ya kikohozi," akasema, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Senada hakuwa ameiona kwa muda mrefu. Akampa mama yake naye anuse. Wakala. Wakachora magome. Senada akajikuta anaeleza kwa nini mkaratusi hujivua gome, akasikia sauti yake ya zamani ikitoka mwenyewe, akashtuka, akanyamaza.

Walisali Adhuhuri pamoja. Adhana hawakupiga. Baada ya faradhi Ajla aliomba akaokote magome, pale tu, unaponiona. "Pale tu," Senada akasema, akasimama kusali sunna zake.

Alikuwa kwenye sijida aliposikia mluzi.

Mirefu miwili, kisha mmoja unaopanda. Ulitoka bondeni. Ulikuwa wake. Haukuwa unafanana na wake. Ulikuwa wake, na ile pumzi ndogo inayomponyoka kabla ya ule wa tatu. Akajua ni shetani anamchezea swala, akalibana paji lake la uso kwenye msala, akaisoma tasbihi ya sijida kwa nguvu. Mluzi ukaja tena.

"Nakujaaa, Mama!" Ajla akaitika. Sauti yake ilikuwa imeshafika mbali.

Senada hakuwa amewahi kukata swala maishani mwake, hata siku mabomba yalipopasuka jikoni. Aliikata. Alikimbia na soksi tu mpaka ukingoni mwa njia, na pale kwenye meza palikuwa na lundo dogo la magome na mtoto hayupo. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka korongoni. Vidole viwili vilishafika mdomoni mwake vyenyewe, na pumzi alishaivuta.

Akaganda hivyohivyo.

Akipiga mluzi, mtoto atakuwa na mama wawili msituni, na yule wa chini ndiye aliye karibu. Mtoto mtiifu atamfuata aliye karibu. Atashuka moja kwa moja, hatakaidi, kwa sababu amefundishwa hivyo. Na siku ile mlima haukurudisha kitu. Mlima hurudisha kilichopigwa tu, na leo yeye hakuwa amepiga kitu. Kulikuwa na mwingine aliyeitika, karibu na Vedad kuliko mama yake, na Vedad akakata adhana yake palepale kwenye swala, akafunga mkoba wake vizuri, akafuata.

Yote yalimpitia kwa muda wa kufumba jicho, na hakuwa na nafasi ya kulia.

"Ajla! Simama!" Kasuku weupe wakaruka mtini kwa makelele, wakaifunika sauti yake yote. "Ajla!" Kijito kinavuma. Chini, mluzi ukapigwa tena, mtamu, wenye subira, na ulikuwa umeteremka zaidi.

Kwao mwanamke hapigi adhana. Mama yake hakupiga, bibi yake hakupiga, yeye mwenyewe aliwahi kuwanong'oneza tu watoto wake masikioni walipozaliwa, kwa kuwa Mirsad alichelewa hospitali. Sasa aliweka mikono masikioni kama alivyomfundisha Vedad, akaivuta sauti kutoka tumboni. Allahu akbar, Allahu akbar. Ilitoka imepasuka. Akaivuta tena. Ikanyooka, ikapita juu ya kijito, ikashuka ndani ya ukungu.

Mluzi ukajibu. Senada hakunyamaza. Alifika kwenye kuitia swala, pale ilipokatikia adhana ya mwanawe, akashika mti, akapita hapo, akaivuta mpaka kwenye kufaulu, akaivuta mpaka mwisho. Hakuthubutu kuacha pengo ambalo mluzi ungeingia. Alipomaliza akaanza upya. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni na yeye anaendelea.

Makangaga yakatikisika. Ajla akatokea akihema, tope magotini, gome moja bado mkononi.

"Mama!" Alikuwa amekasirika kwa hofu. "Mbona uko huku? Kwani umepotea?"

Senada alitaka kusema hapana. Alimvuta, akamkumbatia mpaka gome likavunjika katikati yao. "Ndiyo," akasema. "Nimepotea, mwanangu. Umefanya vizuri kunijia."

"Lakini ulikuwa kule chini. Ulinipigia mluzi. Nilifika kwenye mawe yanayoteleza, ndipo nikasikia mtu anaadhini huku juu, nikasema kuna mtu wetu amepotea, ngoja nimchukue kwanza, halafu nitakwenda kwa Mama."

"Si mimi niliyepiga."

"Ni wewe. Mimi nakujua."

Mluzi ukapigwa tena, na safari hii karibu. Wote wawili waligeuka. Kwenye kilundo cha udongo alichokichakura, kando ya njia, ndege alikuwa amebinua mkia ukamfunika kichwa na anautetemesha. Aliiga kasuku. Akaiga king'ora cha gari. Kisha akafungua mdomo, akamwita Vedad.

"Dedo!" Ajla aliruka kwa furaha, masikini ya Mungu, akapiga makofi. "Mama, ni Dedo! Amejua! Vedad alisema amefeli na kumbe amejua!"

Senada aliketi kwenye tope. Ndege alimtazama kwa jicho moja jeusi, akaurudia mluzi mara nyingine, wote, bila kosa, pamoja na ile pumzi. Alikuwa amefundishwa vizuri. Hakuna mwalimu angeweza kulalamika.

Furaha ya Ajla ilidumu kidogo. Alimwangalia mama yake, akaangalia korongo, akaangalia ndege. Alikuwa mtoto mwenye akili, na akili yake ilimfikisha polepole mahali ambapo Senada angetoa roho yake asifike. Mikono yake ikashuka.

"Mama, kaka alijua huu ni wako."

"Alijua."

"Kwa hiyo alikuja kwako."

"Alikuja kwangu." Ikamtoka bila kutetemeka, na ndipo alipojua kuwa hasira yake, ile aliyolala nayo na kuamka nayo, haipo tena, na kwamba mahali pake pameingia kitu ambacho angekibeba mpaka kaburini. Vedad alisimama. Alipiga adhana. Alingoja mluzi, na alipousikia aliufuata. Hakukosea hata neno moja. Na mama yake alikuwa amemgombeza kwenye kila swala. "Nisamehe," akasema kuelekea bondeni. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua ulinitii."

Ajla akaketi naye kwenye tope. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Tunaweza kumsahaulisha?"

"Hasahau. Na watoto wake watajifunza kwake."

"Milele?"

Senada alisimama, akarudi kwenye msala, akaisali upya ile swala aliyoikata, Ajla amemshika pindo la gauni muda wote, kila wanapoinama na kila wanapoinuka. Mluzi uliendelea. Kila ulipofika ule wa tatu, unaopanda kama swali, Senada alihisi miguu yake inataka kwenda.

Mirsad aliwasikia wakiegesha gari, akatoka mlangoni na taulo begani. Aliona tope, akaona soksi za mkewe zilizochanika, akaona mtoto yuko hai na mzima, na uso wake ukalainika. Swali la Jumatano likamponyoka kwa mazoea ya zamani, kabla hajalizuia.

"Leo mmejifunza nini?"

Ajla alimtazama mama yake. Senada alivua soksi zake mlangoni, akazikunja moja ndani ya nyingine. Angeweza kusema majani. Angeweza kusema magome, na mwanamume huyu aliyejua kunyamaza angelala usingizi wake, na yeye angelala na wake.

"Ingia ndani uketi, Mirsad," akasema. "Nimejua kwa nini aliondoka."

Taulo likamtoka begani. Hakuliokota.

"Hakukaidi," Senada akasema. "Niliyemwita ni mimi."